Mjomba Gathii na Katiba za Wenyewe

Ukitaka kujua raia wa Brazili ana wajibu gani siku ya kura, usijisumbue kutafuta maktaba. Nenda Kiminini, uliza kwa Mwalimu Gathii, nyumba ya mabati ya kijani nyuma ya agroveti, lile duka la mbegu na dawa za mifugo. Atakukalisha kwenye kiti cha mbao na kukueleza kwamba kule kupiga kura si hiari, ni lazima, na katiba yenyewe imesema hivyo. Usipoondoka mapema atakuvusha hadi Ujerumani, akurudishe kwa njia ya India, kisha mpumzike kidogo Tanzania. Chai hutapewa. Huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, tumbo moja, nami simpendi. Nasema mapema ili mtu asije akafikiri mbele ya safari nitalainika.

Sisemi hakuwa mwalimu mzuri. Alifundisha Historia na Serikali katika shule za sekondari za huku Trans-Nzoia mpaka nywele zikaisha kichwani, na wapo madiwani na mapasta wanaomwamkia kwa kuinama kwa sababu aliwafundisha. Tatizo lilianza alipostaafu. Kuna shirika lilimpa kazi ya kuzunguka makanisani na kwenye baraza za chifu akifundisha elimu ya uraia, likampa fulana nyeupe na kofia, na tangu siku hiyo fulana haikumtoka mwilini ila ikiwa kwenye kamba.

Somo lake lilikuwa moja, na nilikuwa nalijua kama wimbo. Angesimama mbele, akunje mikono, aulize, "Nani ataniambia wajibu wa Mkenya?" Watu kimya. "Mnaona? Haki mnazijua zote. Maji, chakula, nyumba, kuandamana. Wajibu hakuna anayejua." Kisha safari ianze. Uganda wameorodhesha wajibu wa raia mahali pamoja: kuheshimu bendera, kulipa ushuru, kulinda mali ya umma, kupigana na ufisadi. Tanzania wameandika kwamba kila mtu ana wajibu wa kufanya kazi halali kwa kujituma. India wana orodha yao. Wajerumani wameandika kwamba mwenye mali ana wajibu, na mali yake iwafae na wengine. "Na sisi?" Hapo angepandisha sauti. "Sisi tuko na sura nzima ya haki, ndefu kutoka hapa mpaka Webuye, na orodha ya wajibu hatuna! Ndiyo maana Mkenya ni mtu wa kudai tu!" Watu wangepiga makofi. Hata waliokuja kudai maji wangepiga makofi.

Ile ya Wajerumani, ya mali na wajibu, aliisema mwaka mmoja na huo wa pili hakuisema tena. Nitaeleza kwa nini.

Babu yangu, ambaye sisi tulimwita Guka, alitoka Murang'a na kununua shamba karibu na Kiminini pamoja na wenzake. Alizaa watoto kadhaa, wakabaki wawili: Gathii na mama yangu, Mary Ann. Mama aliolewa na Wamalwa, Mbukusu wa upande wa pili wa mpaka, mtu wa biashara ya vitunguu aliyekuwa akivuka mto Lwakhakha wa mpakani kama mtu anayevuka barabara. Akaenda kuishi naye huko Uganda, na huko ndiko nilikozaliwa. Baba akaugua akafa ningali mdogo, na mama akarudi kwa Guka akiwa amenishika mkono. Mzee hakuuliza maswali. Alichukua jembe, akaita majirani wawili na Gathii mwenyewe, wakashuka mpaka karibu na mto, akampimia binti yake sehemu. Kwenye mpaka akapanda itoka, lile ua jeupe ambalo Wakikuyu wakilipanda kati ya shamba na shamba hakuna anayethubutu kuling'oa. Mimi nililipalilia nikiwa msichana.

Guka alipofariki, Gathii alikodi trekta. Trekta halijui itoka wala haliogopi. Jioni ile shamba lilikuwa moja kutoka barabarani hadi mtoni, na mama alisimama pale chini akitazama maua yamefukiwa mizizi juu. Ndugu yake akamwambia kwa upole kabisa, "Mary Ann, wewe uliolewa. Shamba lako liko kwa kina Wamalwa." Mwaka huohuo ndio Ujerumani ikatoka kwenye somo.

Mama hakupigana. Tulihamia Kitale, tukapanga chumba Tuwan, akauza mitumba. Mimi nilisoma kwa taabu nikamaliza kidato cha nne, nikafanya kozi ya kilimo, nikabaki bila kitu kimoja tu ambacho kila kijana wa rika langu anacho mfukoni. Sikuwa na kitambulisho. Laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa jina la mama. Benki singeweza kuingia. Kura za mwaka ule wenzangu walipiga, mimi nikakaa nyumbani nikiosha sufuria. Na sasa kampuni moja ya mbegu ilikuwa imekubali kuniajiri niwe nikitembelea wakulima wake, wakasema njoo na kitambulisho kabla ya msimu wa kupanda, la sivyo tutachukua mwingine.

Huku kwetu, karibu na mpaka, hupewi kitambulisho hivihivi. Unakalishwa mbele ya wazee wanaokupiga msasa: wewe ni wa nani, umetoka wapi, nani anakujua. Na kwa sababu mama ni wa Kiminini, ilibidi niende kwa wazee wa kule. Unaweza kukisia ni nani aliyekuwa amekaa katikati ya meza, na fulana yake nyeupe.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kibiwott, mtu mpole aliyependa mambo yaishe watu waende kukamua ng'ombe. Aliangalia kitambulisho cha mama na kadi yangu ya kliniki ya Uganda, akasema, "Hii si ngumu. Mama ni wa hapa. Mwalimu, si huyu ni mtoto ya dada yako?"

"Ndiyo maana mimi sitaki upendeleo," Mjomba akasema. "Nikipitisha jamaa yangu, watu watasema nini?"

Akanigeukia kama vile hajawahi kuniona nikiwa na kamasi jikoni kwake. "Wakiuru, wewe ulizaliwa wapi?"

"Uganda, Ankoo. Na unajua."

"Na baba yako alikuwa nani?"

"Wamalwa. Na unajua."

"Sawa. Sasa wazee, sikieni. Katiba ya Uganda iko na kitu sisi hatuna. Wao wameandika makabila yao yote, moja baada ya ingine. Wagisu wako. Wabukusu wako, wameandikwa kwa jina! Ukizaliwa kule na mzazi wako ni wa hayo makabila, wewe ni raia, kwisha. Katiba yetu haitaji kabila hata moja. Kwa hivyo huyu msichana ako na nchi tayari. Nchi imemwandika. Anataka ya pili ya nini?"

Nilikuwa nimesoma Katiba yetu kwenye simu ya mama mpaka nikajua ukurasa. "Yetu inasema mama au baba, Ankoo. Mmoja akiwa Mkenya yatosha, hata ukizaliwa nje."

"Mnaona? Haki, haki! Na wajibu wako ni gani?"

"Ile orodha ya Uganda unaimba kila Jumapili, si iko na kulinda watoto? Wewe umewahi kusoma hiyo kwa sauti?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Lilikuwa kosa langu la kwanza, maana mtu kama Gathii unaweza kumnyang'anya vyote asikumbuke, lakini usichekeshe watu kwa jina lake. Alifunga kalamu yake. Akasema jambo langu linahitaji uchunguzi, nirudi mwezi ujao. Nikarudi mwezi uliofuata, likahitaji uchunguzi tena. Kibiwott alikuwa akitazama meza.

Sikuelewa ubaya wote mpaka alipokuja Tuwan mwenyewe. Hakuwahi kukanyaga kwetu tangu tuhame. Alikuja na mkate na maziwa, akakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa na nguo, akatupa suluhisho kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

"Si Wamalwa alikuwa na dada kule Mabanga, Bungoma? Jentrix? Ameolewa na mtu wa huko, Wabwile. Hao ni Wabukusu wa Kenya kabisa. Wakiuru aende huko, aseme yeye ni mtoto wa Wabwile na Jentrix. Watu wanafanya hivyo kila siku. Wiki mbili tatu ako na kitambulisho."

Mama alikuwa akikunja sweta. Hakuacha kukunja. "Kwa hivyo mimi nitasema si wangu."

"Wewe hutasema kitu. Utakaa tu nyumbani."

"Na hapo Kiminini mtoto wangu atakuwa nani?"

"Atakuwa mgeni kama wageni wengine, na atakaribishwa," Mjomba akasema, akatabasamu.

Hapo ndipo niliona mchezo wote. Nikiandikwa kwa jina la Jentrix, basi Mary Ann ni mwanamke aliyeolewa ng'ambo, asiye na mtoto hapa nchini, na ile sehemu ya mtoni haina mwenyewe. Aliyekuwa akizunguka makanisani akieleza kwamba katiba ni mama wa wote alitaka kumfuta mama yangu kwa mkate mmoja. Nilimwambia hivyo. Alisema kijana asiye na nidhamu hawezi kuwa raia mwema wa nchi yoyote, akaondoka. Mkate mama aliwapa majirani.

Lakini njaa ya kazi ni kitu kibaya. Kampuni ya mbegu ilipiga simu ikauliza nimefika wapi. Nilikaa na hasira yangu siku chache, kisha nikasema nitaenda Mabanga. Mama aliniangalia, akasema, "Enda," bila kuongeza neno. Ningependa angenizuia. Nilikasirika kwamba hakunizuia.

Senge Jentrix, kwa Kibukusu senge ni shangazi, alinipokea kwa vigelegele mlangoni. Mumewe Wabwile ni mtu wa miraba minne mwenye sauti kubwa, na alikuwa na furaha ya kweli. "Mtoto wa shemeji yangu ni mtoto wangu," alisema. "Hapo mimi sioni uongo. Huo ni ukweri tu umevaa koti." Nilikula ugali wa wimbi na kuku hadi nikaona aibu, maana kwa mjomba wangu wa damu sijawahi kupewa hata kikombe.

Akanifundisha majibu. Ukoo wetu, jina la babu yake, shule niliyodaiwa kusoma. Kisha akasema, "Na watakuuriza khocha wako ni nani. Hiyo hawaachi."

Kwa Wabukusu, khocha ni ndugu ya mama yako. Wanaweza kukosa kukuuliza jina la baba, lakini khocha watauliza, kwa sababu mtu asiye na khocha hajulikani alikotoka. Msichana akiolewa, khocha ana ng'ombe wake. Mvulana akitahiriwa, lazima aende kwanza kwa khocha. Ndiye anayesema, huyu ni damu yetu.

"Utasema Wamalwa," Wabwile akasema. "Si ni ndugu ya Jentrix? Hiyo ndiyo rahisi kabisa."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshiba, nimechoka, na jibu lilikuwa rahisi kweli. Hakuna hata mmoja wetu pale mezani aliyesikia tulichokuwa tumekisema.

Asubuhi wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, nje ya ofisi. Walijua mimi si mtoto wa pale, nyuso zao zilionyesha, lakini walimpenda Wabwile na hawakuwa na haja ya kumwaibisha. Waliuliza ukoo, nikajibu. Babu, nikajibu. Mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alikuwa tayari ameanza kufunga miwani yake kwenye kitambaa.

"Harafu khocha wako ni nani?"

Nikafungua mdomo niseme Wamalwa. Nikamwona baba yangu. Ninamkumbuka kwa jambo moja tu, alivyokuwa akinipandisha juu ya magunia ya vitunguu na kuwaambia watu, huyu ndiye bosi, ongeeni na yeye. Na mimi nilikuwa karibu kusema mbele ya dada yake kwamba yeye ni mjomba wangu tu. Kwamba hakunizaa. Mama nilikwisha kumwacha Kitale akiwa hana mtoto. Sasa nilikuwa namalizia na baba.

"Khocha wangu ni Gathii," nikasema. "Mwalimu Gathii wa Kiminini. Mama yangu ni Mary Ann, dada yake. Baba yangu ni Wamalwa, na alikufa."

Senge Jentrix alishika kichwa. Wabwile alikohoa. Yule mwenyekiti alivaa miwani tena, polepole, na nikajua ningefukuzwa. Badala yake akauliza, "Huyo khocha ako hai?"

"Ako hai."

"Ako na simu?"

Nikampa namba. Alipiga, akaweka sauti ya nje, wazee wote wakasogea.

"Mwarimu, sisi ni wazee wa hapa Mabanga, Bungoma. Kuna msichana hapa, Wakiuru. Anasema wewe ni khocha wake. Yaani ndugu ya mama yake. Ni kweri?"

Nilikuwa namjua, nilikuwa naweza kumsikia akihesabu. Akisema ndiyo, basi amekiri mbele ya mashahidi kwamba mimi ni mtoto wa dada yake Mkenya, na uchunguzi wake wote umekufa.

"Wazee wangu," akaanza, na sauti ilikuwa ileile ya kanisani, "hilo swali linataka kuangaliwa kwa upana. Ukichukua katiba ya Uganda, kwa mfano, ukilinganisha na ya kwetu..."

"Mwarimu. Sijakuuriza Uganda. Nimekuuriza kama wewe ni khocha."

"Huyo msichana..." akasema Mjomba. "Huyo ni jamaa wa mbali."

Simu ikakatwa, sijui ni nani aliyeikata. Mzee mmoja alisema kitu kwa Kibukusu, kifupi, na wenzake wakaguna. Sikielewi vizuri Kibukusu lakini nilielewa kwamba si mimi niliyetukanwa. Mwenyekiti alimwambia Wabwile kwamba angemtoza faini kwa kuwaletea hadithi, lakini leo ameona mabaya zaidi. Kisha akaniambia, "Sisi hatuwezi kukupitisha, mama. Hapa si kwenu. Rudi umchukue mama yako mwenyewe, umkarishe mbele ya huyo mtu. Akatae tena akimwangaria macho."

Njia yote ya kurudi nyumbani kwa senge, Jentrix alilia. "Si ungesema tu Wamalwa? Ni jina tu, mwanangu." Nilimjibu vibaya, na bado sijui kama nilipaswa.

Nilipomwambia mama, nilimwambia yote isipokuwa yale maneno matatu. Akanishika mkono. "Alisema nini? Sema vile alisema." Nikasema, jamaa wa mbali. Mama akaenda akachota maji, akaoga, akatoa ile nguo ya bluu ya kanisani akaipiga pasi, na hakula siku hiyo.

Siku ya wazee tulikuwa wa kwanza kufika Kiminini. Mama alisimama mbele ya meza na mkoba wake umebanwa kwapani. "Gathii, nataka useme mbele ya hawa watu kama mimi na wewe tumetoka nyumba moja."

Mjomba alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Akamshika kiwiko akampeleka nyuma ya ofisi, kwenye tangi la maji, nami nikawafuata. Hakunijali. Nadhani alifurahi niwepo nisikie.

"Mimi si mtu mbaya, Mary Ann. Lakini hakuna haki bila wajibu, hiyo nimefundisha maisha yangu yote. Wewe unataka haki. Sawa. Mtoto apate kitambulisho leo. Na wajibu wako ni kumaliza hii fitina ya shamba. Rudi hapo ndani, useme mbele ya wazee kwamba ile sehemu ya mto huitaki. Halafu mimi niseme yangu."

Nilimwambia mama asithubutu. Nilisema maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyasikia kutoka kwa binti yake. Mama alikuwa akiangalia bomba la tangi lililokuwa likivuja. Akasema, "Sawa."

Akarudi akasema mbele ya wote, kwa sauti kavu, "Ile sehemu baba alinipimia, mimi siitaki." Mzee Kibiwott alishangaa. Akasema hawa wazee hawahusiki na mashamba, na hakuona kwa nini jambo hilo liletwe pale. Mjomba akasema isiandikwe, isikike tu. Kisha akanyoosha fulana yake na kutamka, bila kigugumizi hata kimoja, "Wazee, huyu ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja na mimi. Mama yake ni Mkenya wa kuzaliwa, na kwa Katiba yetu hiyo inatosha. Nathibitisha." Alijua. Siku zote alikuwa amejua, neno kwa neno.

Kazi ya mbegu ilikuwa imepewa mtu mwingine wakati huo. Nilimchukia mjomba wangu, hilo lilikuwa jambo la zamani, lakini miezi ile ya kusubiri nilimchukia mama pia. Niliona ameuza mchanga wa baba yake kwa kipande cha plastiki. Nilimwambia hivyo tukila, nikamwambia tena tukifungua kibanda chake cha mitumba. Alikuwa akinijibu, "Kula," au "Shika hiyo hanga."

Ujumbe ulipokuja kwamba kitambulisho kiko tayari, tulikwenda kukichukua pamoja. Mama alikigeuza mbele na nyuma. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi akasoma jina langu, akasoma mahali pa kuzaliwa, akapitisha kidole juu ya picha.

"Hiki anaweza kukifuta?" akauliza. "Gathii. Akienda kusema vingine?"

"Hapana. Sikudanganya mtu. Na yeye ndiye alithibitisha."

"Huwezi kurudishwa ng'ambo."

"Hapana, mama."

Akakitia kwenye kitambaa, akakifunga, akanirudishia. "Basi twende kortini," akasema. "Hapo Kitale. Nimeambiwa Gathii amepeleka kesi ya mirathi ya Guka, na amesema yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki."

Nilisimama pale kama mjinga. Mama alikuwa amejua hata hilo, kabla ya siku ya tangi, na hakuniambia kwa sababu mimi nina mdomo. Karani wa korti alituandikia pingamizi. Mama akatia sahihi. Mimi nikaapa kama shahidi kwamba niliona Guka akipanda itoka pale mtoni na kwamba niliipalilia kwa mikono yangu, na karani akaniomba namba ya kitambulisho. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba nikawa nayo. Niliisoma kwa hasira, si kwa furaha. Furaha sikuwa nayo.

Karatasi ilimfikia Mjomba katika ukumbi wa kanisa, Kiminini, akiwa katikati ya somo. Hatukupanga iwe vile. Mtu wa korti aliyeileta aliambiwa hapo ndipo Mwalimu anapatikana, na sisi tulikuja kwa sababu mama alitaka kuona sura ya ndugu yake, tukakaa benchi la nyuma. Alikuwa amefika Tanzania, kwenye wajibu wa kufanya kazi. Akapokea bahasha kwa tabasamu, akidhani ni mwaliko, akaisoma akiwa amesimama mbele ya watu. Halafu akatutafuta kwa macho mpaka akatupata.

"Mary Ann!" Sauti ilimpasuka. "Wewe uliahidi! Mbele ya wazee! Nina mashahidi uliahidi!"

Watu wote wakageuka. Mama hakuinuka. "Ni kweli niliahidi," akasema. "Nenda ukamwambie hakimu hivyo. Na umwambie uliniuzia nini ndiyo niahidi."

Mjomba aliangalia bahasha, akaangalia watu wa mabenchi ya mbele. Hakukuwa na nchi ya kukimbilia. Ndipo mama mmoja mnene wa kikundi cha akina mama, aliyekuwa akimpigia makofi dakika chache zilizopita, akamgeukia mama yangu na kumuuliza kwa sauti, "Kwani alikuuzia nini, mama Wakiuru?"

Mama akaweka mkoba chini, akasimama, akawaambia.